Jua la Dodoma haliiwezi R-12

Nikikaa na mafundi friji pale Majengo, hoja ni ileile: "Mwalimu, jua la huku linapasua ndoo, lishindwe kuivunja gesi ya friji tukiifungulia hewani?" Si hoja ya kijinga. Ndoo nyekundu ikiachwa juu ya bati kiangazi kizima inapauka, halafu siku unainyanyua unabaki na mkono wa ndoo tu. Jua ndilo limefanya hivyo, kweli. Ila R-12, gesi ya kupoozea ya friji la zamani, hata ukiifungulia saa sita mchana mwanzoni mwa Oktoba jua likiwa utosini kabisa, haiguswi. Inatoa mlio wake, bomba linaota barafu, inaondoka nzima.

Wengi wanadhani ni suala la joto au ukali. Mwanga unavunja molekuli pale tu molekuli inapoufyonza. R-12 ni kaboni moja iliyoshikamana na klorini mbili na florini mbili, na bondi ya kaboni na klorini hapo inakatika kwa nishati isiyofika kilojuli 350 kwa moli. Miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 300, ambayo hapa chini tunaipata, inabeba karibu kilojuli 400. Kwa hesabu ya karatasi, kazi imekwisha. Lakini R-12 haina habari na miale hiyo, inapita tu. Inaanza kufyonza vya kutosha kwenye nanomita 220 kushuka, na miale mifupi namna hiyo haifiki Dodoma, wala haifiki kilele cha Kilimanjaro, maana oksijeni na ozoni (oksijeni ya atomu tatu) zinaimaliza huko juu. Rangi ya ndoo inafyonza miale inayotufikia, ndiyo maana inaumia.

Basi gesi inazurura. Mvua haiioshi, na hakuna kitu hapa chini cha kuila. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walijiuliza itaishia wapi, na jibu lao likawa stratosfia, tabaka la juu la hewa lenye ozoni nyingi. Hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu lango kuu la kuingilia huko liko juu ya ukanda wetu wa tropiki: hewa inapanda polepole, inavuka kilomita 16 au 17, inaendelea. Watu wakisikia tundu la ozoni wanawaza Antaktika, na ni sawa, tundu liko kule. Lakini CFC nyingi, yaani gesi za jamii ya R-12, zinakatwa juu ya tropiki, kwenye kimo ambacho ozoni iliyobaki juu yake ni kidogo, na miale ya kati ya nanomita 190 na 220 inapenya. Gesi iliyovuja Chicago miaka ya sabini inaweza kuwa imekatwa juu ya ukanda huu huu.

Mwale unachomoa klorini ya kwanza. Kipande kinachobaki kinaungana na oksijeni na kuiachia ya pili. Klorini inanyang'anya ozoni atomu moja ya oksijeni, inaikabidhi kwa oksijeni nyingine iliyo peke yake, inarudi mikono mitupu kuanza upya, maelfu ya mara. Florini haina fujo hiyo. Inashikana na haidrojeni na haiachii. Kupanda na kukatwa huku kunachukua muda: wastani wa maisha ya R-12 hewani ni kama miaka 100.

Halojeni (kundi la florini, klorini na iodini) ikibadilika, hadithi nayo inabadilika. Methili iodidi inayotoka baharini inafyonza miale ya hapa chini, na ndani ya siku chache haipo. Hiyo jua la Dodoma linaiweza vizuri sana. Upande wa pili kuna CF4 ya viwanda vya alumini, kaboni moja yenye florini tupu, ambayo hata miale ya stratosfia haiitikisi. Inakadiriwa kudumu miaka 50,000.

Na R-22, ambayo bado mnakutana nayo kwenye AC? Ina haidrojeni, na hapo jua linapita mlango wa nyuma. Miale ya chini ya nanomita 320 hivi inavunja ozoni kidogo iliyo karibu nasi, oksijeni iliyochangamka inapiga mvuke wa maji, inazaliwa haidroksili, kipande kikali cha oksijeni na haidrojeni, nayo inaipora R-22 haidrojeni yake. Jua kali na unyevu vinakutana zaidi tropiki, kwa hiyo Dodoma ya Januari ni jiko zuri la haidroksili kuliko ya Agosti. Hata hivyo inachukua kama miaka 12, na sehemu yake inafika juu na klorini yake. R-134a, iliyochukua nafasi ya R-12, inaliwa vilevile, miaka 14. Haina klorini, ila kwa kuzuia joto ni zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dioksidi, ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya 2016, ya nchi kupunguza gesi za namna hii, yaliigusa. Zote mbili ni za kuvutwa kwenye mtungi, fundi, si za kufunguliwa.

R-600a ya friji mpya haina halojeni hata moja. Haidroksili inaimaliza kwa siku chache. Hiyo shida yake ni nyingine: inawaka. Usichomelee bomba kabla hujaitoa yote, na usiitolee jirani na jiko la mkaa la mama ntilie.