Joto la oili ya injini kwa gari la barabarani na uwanjani: dhana potofu na ukweli

Gari linalotoka nyumbani, likazunguka Nordschleife nchini Ujerumani, uwanja wa mbio za magari wenye njia ya karibu kilomita 20.8 yenye milima inayoikamua injini, kisha likamrudisha dereva wake jioni, huidai oili yake kazi mbili zinazopingana: ipate moto vya kutosha barabarani, na isizidi moto uwanjani.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kadiri oili inavyopoa ndivyo injini inavyopata nafuu. Ukweli ni kwamba ile 40 kwenye alama ya 5W-40 iliyoandikwa kwenye kopo la oili hutokana na unene unaopimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi, na injini nyingi hutulia oili inapokuwa kati ya nyuzi 90 na 110. Chini ya hapo oili huwa nzito, pampu huisukuma kwa taabu, na unyevu pamoja na petroli inayopenya pembeni mwa pistoni hubaki ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, badala ya kuvukizwa. Ndiyo maana anayefunga rejeta kubwa ya oili bila themostati hulinusuru gari lake siku ya mbio, kisha akalidhuru kila asubuhi ya baridi anapokwenda nalo kazini. Themostati inayofunguka karibu na nyuzi 80 huipitisha oili kando ya rejeta mpaka ipate moto. Fedha za kwanza, kwa maoni yangu, ziende kwenye njia ya hewa, kwa sababu rejeta iliyofichwa nyuma ya bampa, pasipo upenyo wa kutolea hewa iliyoingia, haipozi ipasavyo hata ikiwa kubwa.

Wengine hutosheka na mshale wa joto la maji. Maji hupata moto upesi, ilhali oili huchelewa kwa dakika kadhaa, hivyo anayekanyaga kwa nguvu mara mshale unapofika katikati huitesa injini ambayo oili yake bado ni nzito. Uwanjani hali hugeuka: mshale wa magari mengi umetengenezwa utulie palepale, huku oili ikiweza kupita nyuzi 130 bila dereva kujua. Geji ya oili ni ya lazima, na mwenyewe ajue kihisio chake kimefungwa wapi, kwani oili inayotoka kwenye beringi ina joto kuliko ile iliyotulia kwenye sampu.

Kwamba oili nzito huipoza injini, si kweli: utando wake hustahimili zaidi ikipata moto sana, lakini msuguano wa ndani yake huongeza joto.

Nyuzi 120 nazo si maangamizi, maana oili hizi hupimwa ustahimilivu hata kwa nyuzi 150. Kinachopungua ni umri wake, kwa hiyo ibadilishwe mapema kuliko ratiba ya barabarani. Mwenye gari la turbo aendeshe taratibu kilomita za mwisho kabla ya kuzima, oili isije ikaungulia kwenye beringi za turbo.