George Washington hakuwa mshindi tangu ujana

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa inapomiminwa, husikika mara nyingi kwamba George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, hakuwahi kushindwa vitani. Sivyo. Tarehe 3 Julai 1754, akiwa na umri wa miaka 22 na akilitumikia koloni la Uingereza la Virginia, alizingirwa na Wafaransa pamoja na washirika wao wenyeji katika Fort Necessity, ngome ndogo ya magogo aliyoijenga bondeni. Mvua ilinyesha kutwa, na aliyeona mashamba ya bondeni Pangani wakati wa masika ataelewa jinsi mahandaki yale yalivyojaa maji, baruti ikalowa na bunduki zikanyamaza. Usiku alitia saini hati ya kusalimu amri iliyoandikwa kwa Kifaransa, lugha asiyoijua, akakiri mauaji ambayo baadaye aliyakana.

Mwaka uliofuata, akiwa hajapona sawasawa ugonjwa wa kuhara, alinusurika Wafaransa na washirika wao walipolipiga jeshi la Uingereza lililoongozwa na Jenerali Braddock. Koti lake lilitobolewa kwa risasi nne. Ndiyo maana, naamini, usiku mmoja wa Agosti 1776, sasa akipigana na Waingereza wenyewe katika vita vya uhuru wa Marekani, hakuona aibu kulivusha jeshi lake kimyakimya kutoka Long Island, kisiwa kilichopo New York, badala ya kulipoteza.