Kwotabeki wa Poketi na Kwotabeki wa Mbio: Nipe Macho Kwanza

Kila msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, unapoanza, ubishi ni uleule: nani bora, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) anayesimama kwenye poketi na kurusha, au anayechomoka mbio? Mimi kazi yangu ni kuwanoa makwotabeki wa sekondari hapa Minnesota, na jibu langu huwa haliridhishi upande wowote. Kasi ya miguu naipima baadaye. Ninachokitazama kwanza ni macho. Ukuta wa wazuiaji wake ukishavunjika na wavamizi wa timu pinzani wakaja, kijana anamtazama nani: mpokeaji wake kule mbele, au yule anayekuja kumwangusha?

Kwa mgeni wa mchezo huu, poketi ni ile nafasi inayojitokeza nyuma ya wazuiaji watano wanaorudi kinyumenyume wakiwakinga wavamizi. Haidumu. Mpira mzuri huwa umeshatoka mkononi ndani ya sekunde mbili na nusu hivi. Kanuni nazo zina uzito wake hapa. Kwotabeki aliyebanwa ndani ya poketi akiutupa mpira mahali pasipo na mpokeaji, ni kosa. Akishatoka pembeni, anaruhusiwa kuutupa hata nje ya uwanja, mradi ufike usawa wa mstari walipoanzia. Kwa hiyo miguu inamwokoa hata asipopata yadi moja.

Sasa mchukue Tom Brady, ambaye watu humtaja kama nguzo isiyosogea. Kabla timu za NFL hazijamchagua wa 199 kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2000, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, muda ambao wazuiaji wengi wenye miili mikubwa wanauweza. Lakini tafuta video zake, usahau mpira, utazame viatu. Hatua moja mbele, nusu hatua kushoto, na mvamizi wa pembeni anapita nyuma ya mgongo wake akishika hewa. Wakati wote huo kidevu kiko juu na mpira uko karibu na sikio. Mtu huyo alikuwa anasogea kila mchezo, ila ndani ya eneo dogo kama mkeka. Vikombe saba vya Super Bowl, fainali ya NFL, havikupatikana kwa kusimama tu.

Mazoezini nasimama yadi 15 mbele, nyuma ya wavamizi, nikiinua vidole. Wenzangu wanamsukuma kijana kwa mito, kulia, kushoto, kifuani. Yeye achezeshe miguu, aushike mpira kwa mikono miwili, na ataje idadi ya vidole kwa sauti. Wengi wao, mto wa kwanza ukiwagusa kidevu kinashuka na vidole hawavioni tena. Mwenye mbio akishusha kidevu atakimbia, atapata yadi sita, na jukwaa litashangilia, wakati mpokeaji yuko peke yake yadi 30 mbele. Yadi sita hizo zinanikera kuliko pasi iliyodondoka.

Ila hizo ni mbio za dharura. Kuna mbio za mpango, na watu wakizichanganya hizi mbili ubishi hauishi. Katika mchezo wa kumsoma mlinzi, wazuiaji wanamwacha makusudi mlinzi mmoja wa pembeni bila kumgusa. Kwotabeki anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji wake huku akimkodolea macho mlinzi yule. Akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kupita alipotoka mlinzi. Akibaki kwake, mpira anaachiwa mkimbiaji. Mlinzi ameondolewa mchezoni na hakuna aliyemgusa. Kwa kwotabeki asiyekimbia, akishakabidhi mpira amekuwa mtazamaji, na walinzi 11 wanapambana na watu 10. Anayekimbia anairudisha hesabu kuwa 11 kwa 11. Hata hapa, aliyeanza kazi ni jicho.

Miguu hiyo inausaidia hata mkono. Walinzi wakikaba mtu kwa mtu wanampa kwotabeki mgongo, na kwa Lamar Jackson, kwotabeki wa Baltimore mwenye mbio, kumpa mgongo ni kumzawadia yadi 20. Basi wanalinda maeneo, nyuso zikimwelekea, na kati ya maeneo hubaki mianya ya pasi. Mwaka 2019 Jackson alikimbia yadi 1,206, akavunja rekodi ya makwotabeki ya Michael Vick ya yadi 1,039 ya mwaka 2006, na msimu huohuo akarusha pasi 36 za tachidauni, yaani za kufunga kwenye eneo la mwisho la wapinzani. Alichaguliwa mchezaji bora wa msimu kwa kura zote. Kabla yake aliyewahi kuzipata kura zote alikuwa mmoja tu: Brady, 2010.

Na kijana huyu mwaka 2018 alichaguliwa wa 32, baada ya makwotabeki wengine wanne, huku wapo waliotaka ageuzwe mpokeaji. Hapa lazima niseme wazi. Kwa miaka mingi sifa ya mbio ilibandikwa juu ya rangi ya ngozi. Warren Moon, kwotabeki mweusi, alikuwa mrushaji safi wa poketini, lakini mwaka 1978 hakuna timu ya NFL iliyomchagua, akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa vikombe vitano mfululizo vya Grey Cup, kombe la ligi ya huko. Hakuna mwalimu atakayemtazama Moon akirusha kisha aseme tatizo lilikuwa mkono.

Wanaoamini miguu inatosha, warudie Super Bowl ya Februari 2021. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, alicheza bila wazuiaji wake wawili wa pembeni wa siku zote. Alikimbizwa usiku kucha, alirusha hadi akiwa hewani, na Kansas City haikupata tachidauni hata moja: 31–9, Brady akiwa na miaka 43 upande wa pili. Miaka miwili baadaye, matokeo yakiwa 35–35 dhidi ya Philadelphia, Mahomes huyohuyo, kifundo cha mguu kikiwa kimeumia, aliona katikati pamefunguka akakimbia yadi 26. Alikuwa mzito kuliko siku zake zote. Alisubiri, akaangalia mbele kwanza, ndipo akaenda. Teke la mwisho la Butker, mpigaji wa Kansas City, likafanya 38–35.

Mwaka 2028 flagi, aina ya mchezo huu isiyo na kukumbana, itaingia Olimpiki ya Los Angeles. Wanacheza watano kwa watano, hakuna wazuiaji, kwa hiyo hakuna poketi. Kwotabeki naye hapewi ruhusa ya kuuvuka mstari kwa miguu akiwa na mpira aliopewa mwanzoni, na ana sekunde saba za kurusha. Vijana wanaoniuliza waanzie wapi, nawapeleka huko.