Mvinyo wa kilimo hai huanzia shambani: familia ya Joly na mizabibu ya Savennières

Wakulima wa zabibu na wanywaji wa mvinyo hutuuliza swali lilelile: mvinyo wa kilimo hai hauna dawa kabisa? Jibu ni hapana. Mizabibu ya kilimo hai hupuliziwa, na penye mvua nyingi hupuliziwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tofauti iko kwenye kinachopuliziwa, kiasi chake, na jasho analomwaga mkulima ili asilazimike kupulizia sana.

Mfano mzuri ni shamba la Coulée de Serrant, Savennières, karibu na mji wa Angers kwenye bonde la mto Loire, Ufaransa. Ni hekta 7 hivi tu, zote za mzabibu mweupe uitwao Chenin blanc, juu ya mteremko wa mawe ya shisti. Watawa wa shirika la Kikatoliki la Sistersiani (Cistercian) walipanda mizabibu hapo karne ya 12. Familia ya Joly ililinunua shamba mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1977 Nicolas Joly akaacha kazi ya benki akarudi nyumbani kulisimamia.

Anasimulia mwenyewe kwamba mshauri wa kilimo alimpigia hesabu jinsi dawa ya kuua magugu itakavyompunguzia gharama. Akakubali. Baada ya miaka kama 2 akaona udongo umebadilika rangi, wadudu wamepungua na kwale hawaonekani tena. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 shamba lote lilikuwa limeachana na kemikali za viwandani. Leo binti yake, Virginie, ndiye anayeongoza kazi.

Sehemu za mteremko bado hulimwa kwa farasi, kwa kuwa trekta hushindilia udongo na mizizi ikakosa hewa. Lakini kazi ninayowaomba wenzetu waitazame zaidi ni uchumaji. Vichala vya Chenin blanc haviivi pamoja. Wachumaji hupita shamba lilelile mara kadhaa kwa majuma matatu hadi manne, kila mmoja na mkasi wake, wakikata kichala kilichogeuka rangi ya dhahabu, hata chenye punje zilizoanza kusinyaa kwa ukungu wa Botrytis. Kilicho kijani wanakiacha kingojee. Kampuni inayolipa vibarua kwa siku na kuhesabu tani ingeona huo ni uchizi. Familia inayomiliki ardhi na jina inaweza kuvumilia.

Ghalani mambo ni machache. Mchuzi wa zabibu huachwa uchachuke kwa hamira zilizokuja na zabibu zenyewe, ndani ya mapipa ya mbao ambayo mengi yameshatumika, ili mbao isifunike ladha ya zabibu. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya mchuzi huzaa asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo kichala kilichochumwa mapema hakiokolewi na ujuzi wowote wa ghalani, labda uongeze sukari ya dukani.

Sasa tuje kwenye dawa. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa mawili ya ukungu wa mizabibu, viliingia Ulaya kutoka Marekani katika karne ya 19, vikaikuta mizabibu ya huko haina kinga. Ubwiri unga ulidhibitiwa kwa salfa. Ubwiri vinyoya ulipata jibu miaka ya 1880 mjini Bordeaux, pale mtaalamu wa mimea Millardet alipochanganya shaba salfeti na chokaa. Kilimo hai kinaruhusu vyote viwili hadi leo. Ila shaba haiozi. Hukaa ardhini na ikizidi huumiza viumbe vya udongo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Anayekuambia kilimo hai hakina madhara yoyote hajakifanya.

Joly anakwenda mbali zaidi ya kilimo hai cha kawaida. Anafuata mafundisho ya mwaka 1924 ya mwanafalsafa Rudolf Steiner: samadi hufukiwa ndani ya pembe ya ng'ombe majira yote ya baridi, kisha hukorogwa majini na kunyunyizwa shambani kidogo kidogo. Msimamo wetu ni kwamba mboji, kuacha dawa za magugu na kufunika udongo kwa majani vina ushahidi wa kutosha. Nguvu ya pembe bado haijathibitishwa. Asiye na pembe asijione amepungukiwa.

Kuhusu lebo, kabla ya mavuno ya 2012 sheria za Ulaya zilitambua tu mvinyo uliotokana na zabibu za kilimo hai. Tangu hapo hata kazi za ghalani zina masharti: salfaiti, yaani kihifadhi cha mvinyo kitokanacho na salfa, zisizidi miligramu 100 kwa lita kwa mvinyo mwekundu mkavu, na 150 kwa mweupe mkavu, wakati mvinyo wa kawaida huruhusiwa 150 na 200. Hamira yenyewe hutoa salfaiti kidogo, basi mwenye pumu inayochokozwa nazo asidhani lebo hiyo inamlinda. Kilevi nacho ni kilekile.

Chenin blanc hiyohiyo inalimwa Dodoma, na huku tuna nafasi ambayo Loire hawana. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu za Agosti na Septemba hukomaa kiangazi, wakati ubwiri vinyoya hauna unyevu wa kuuwezesha kuenea. Zabibu hizo zinahitaji maji ya kumwagilia, salfa kidogo na samadi iliyooza vizuri. Shida ni mavuno ya Februari na Machi, katikati ya mvua. Cheti cha kilimo hai hutolewa kwa shamba, hakitolewi kwa msimu, kwa hiyo huwezi kupulizia kemikali masika ukadai kiangazi uko safi. Tena kwa mazao ya kudumu kama mzabibu, sheria za Ulaya hudai miaka 3 ya mpito kabla ya kuuza kwa jina hilo. Kabla ya kusaini chochote, mkulima na mnunuzi wa mchuzi wakubaliane kwa maandishi nani atabeba hasara ya mavuno ya mvua katika miaka hiyo mitatu.