Kwa nini jumba la Frimasoni halina madirisha

Wengi wanaamini majumba ya Frimasoni, chama cha kindugu kinachotumia alama za waashi, huzibwa madirisha ili kuficha ibada za shetani, na kwamba hata alama ya mlangoni ni yake. Hofu hiyo inaeleweka, maana mlango uliofungwa huzaa maswali. Lakini itazame alama yenyewe kwa karibu: ni guni na bikari, vifaa vya waashi wa mawe. Herufi G ya katikati huanzia maneno ya Kiingereza ya jiometri na Mungu. Madirisha huzibwa kwa sababu taratibu zao ni za wanachama tu. Lisome jiwe la msingi, ambalo kwa desturi huwekwa pembe ya kaskazini-mashariki. Ukikuta mwaka 5910, ni 1910 tu. Frimasoni huongeza miaka 4000 katika tarehe zao. Majumba mengine hupokea wageni siku maalumu, kwa hiyo ingia uulize.