Maji kugeuka rangi ya kutu si ushahidi wa uchafu

Mama mmoja wa Nkuhungu aliniita nimwangalizie mashine ya kuchuja maji kabla hajalipa. Mezani muuzaji alikuwa ameacha glasi mbili alizotumbukiza kifaa chake cha umeme ili kuonyesha kwamba maji ya bomba ni machafu. Ya maji ya mashine ilikuwa angavu. Ya maji ya bomba ilikuwa imejaa povu la rangi ya kutu, na madonge ya kijani yalikuwa yakishuka taratibu.

"Mwanangu, huu uchafu ndio tunaokunywa siku zote?"

Hapana, mama. Kile kifaa alichotumbukiza muuzaji kina vijiti vya chuma. Ukikichomeka kwenye umeme, chuma kinamomonyoka na kuingia majini, na kutu unayoiona ni ya vijiti vyenyewe. Umeme hupita vizuri kwenye maji yenye chumvichumvi (ya mashine yameondolewa chumvi, ndiyo maana yalibaki angavu), na sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa Dodoma mjini ni ya visima virefu vya bonde la Makutupora. Yamekaa ardhini yakabeba kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo inayoacha ukoko mweupe kwenye birika na kufanya sabuni igome kutoa povu. Inaharibu hita, lakini si sumu.

Kifaa kama hicho ninacho. Nilichukua maji yaleyale "safi" ya mashine, nikatia chumvi kidogo ya mezani, nikachomeka. Haikupita dakika moja, kutu tupu. Mama alinyamaza akiitazama glasi.

Linaniuma jambo hili, kwa sababu hofu ile inaelekeza hela ya familia pasipo na tatizo. Hata ile kalamu ya kupimia TDS inasoma jumla ya chumvi zilizoyeyuka tu. Vijidudu haivioni kabisa. Nilipopanda kwenye simtanki lake nikakuta mfuniko umepasuka, manyoya ya ndege yanaelea na ukuta wa ndani unateleza kwa ukijani. Hapo ndipo pa kuanzia: mfuniko mpya, kumwaga, kusugua, kutia klorini. Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote, kisha yakae kwenye ndoo yenye koki, siyo kuchotwa kwa kikombe kinachopita mkono hadi mkono.

Mashine aliyotaka kuuziwa ni ya kusukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mwembamba sana. Ni nzuri, ila nyingi za nyumbani humwaga lita kadhaa ili kupata lita 1, na sisi tunajua mgao wa maji ulivyo.

Ningemshauri ainunue kama angekuwa na kisima chake na maabara ikakuta floridi imezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kanda hii ya kati, Singida hasa, visima vya namna hiyo vipo, na meno ya watoto hubaki na madoa ya kahawia. Kwa maji hayo kuchemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, floridi inabaki sufuriani.