Hisa, riba, ukwasi: maneno ya fedha yanayotuponza Kigoma

Ukishuka Kibirizi kwenye dagaa au ukikaa nusu saa soko la Mwanga, utasikia hisa, riba, dhamana na dalali vikitajwa hata kabla chai haijapoa. Tabu ni kwamba maneno haya tunayo tangu zamani. Benki na soko la mitaji zimeyapa maana nyingine, na mtu anasaini karatasi huku kichwani ana maana ileile ya nyumbani.

Dhana: Hisa ni hisa tu, iwe ya kikoba, ya SACCOS au ya kampuni.

Kwenye kikoba, hisa ni akiba yenye bei isiyobadilika. Mmekubaliana 2,000, kila kikao mwanachama ananunua 1 hadi 5, anagongewa mihuri kwenye kijitabu, na mzunguko ukiisha mnavunja sanduku. Mwenye hisa 200 anachukua 400,000 zake pamoja na fungu lake la riba ya mikopo na faini. Hisa ya SACCOS, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, inakupa uanachama. Haiuzwi sokoni, wala usiichanganye na akiba yako ndani ya chama hichohicho.

Hisa ya kampuni ni kipande cha umiliki. CRDB, kwa mfano, iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009, na bei ya hisa yake hupanda na kushuka kadiri watu wanavyonunua na kuuza. Hapa hakuna siku ya kuvunja sanduku. Ukitaka pesa yako, lazima apatikane mnunuzi, naye atakupa bei ya siku hiyo hata kama ni chini ya uliyonunulia. Gawio, yaani fungu la faida wanalogawiwa wanahisa, nalo si la lazima: bodi hupendekeza, mkutano mkuu wa wanahisa hupitisha, na mwaka wa hasara unaweza kupita mkavu. Likitoka, kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni, hukatwa kodi ya zuio 5%.

Dhana: Mwenye mali nyingi ana ukwasi.

Kosa hili linasameheka, maana mkwasi kwa Kiswahili cha kawaida ni tajiri. Kwa watu wa fedha, ukwasi ni wepesi wa mali kugeuka pesa taslimu bila kuuzwa kwa bei ya kutupa. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi 3. Mwenye mtumbwi, injini na nyavu hakupoteza hata kamba, lakini nani angenunua injini ya boti mwezi wa Juni? Ndiyo maana pesa ya dharura haiwekwi kwenye kiwanja wala kwenye injini ya pili.

Dhana: Riba ya 3% ni 3% popote utakapokopa.

Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Uliza kwanza kama asilimia hiyo ni ya mwezi au ya mwaka. Kisha uliza inapigwa kwenye nini: mkopo wote wa mwanzo, au deni lililobaki?

Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12, riba 3% kwa mwezi. Ikipigwa kwenye mkopo wote, unatozwa 30,000 kila mwezi, jumla 360,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, na mtaji ukiurudisha sawasawa kila mwezi, mwezi wa kwanza ni 30,000, wa pili 27,500, hadi wa mwisho 2,500. Jumla 195,000. Asilimia ileile, tofauti 165,000. Utazame vizuri mwezi wa 12 wa mkopo ule wa kwanza: deni lililobaki ni 83,333 tu, na bado unalipa riba ya 30,000. Hiyo ni 36% kwa mwezi mmoja.

Halafu kuna ada ya fomu na bima. Ukikatwa 50,000 mwanzoni, mkononi unashika 950,000 lakini riba inahesabiwa kwenye milioni nzima. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, omba ratiba ya marejesho. Jumlisha marejesho yote, toa kiasi ulichoshika mkononi. Kinachobaki ndiyo gharama ya mkopo wako. Na kama kipato chako ni dagaa, usikubali marejesho ya kila wiki kirahisi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazikusanyi dagaa na wavuvi wanapumzika, ila rejesho halipumziki.

Dhana: Mfumuko wa bei ukishuka, vitu vimeshuka bei.

Hapana. Ukitoka 5% hadi 3%, bei bado zinapanda, ila polepole zaidi.

Dhana: Pesa ya hatifungani ya miaka 20 imezikwa miaka 20.

Hatifungani ni hati ya mkopo wa muda mrefu, moja ya dhamana za serikali, na dhamana hizi hazihusiani na dhamana ya mahakamani. Hapa wewe ndiye unayeikopesha serikali. Hatifungani huanzia 1,000,000, na huombwa hata kupitia benki za biashara. Ukiweka 5,000,000 kwa riba ya 12%, unapokea 300,000 kila miezi 6, na mtaji unarudi mwisho wa muda. Ukihitaji pesa katikati, unaweza kumuuzia mwingine kwenye soko la upili, yaani pale wawekezaji wanapouziana wao kwa wao. Shida huja riba za sokoni zinapopanda: zikitoka hatifungani mpya za 15%, hakuna atakayechukua yako ya 12% bila punguzo.

Dhana: Dalali wa hisa ni kama dalali wa viwanja.

Dalali wa hisa ni kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Angalia kama jina lake limo kwenye orodha ya mamlaka hiyo. Pesa inalipwa kwenye akaunti ya kampuni, na hisa zinaandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi ya dhamana, yaani daftari la kielektroniki la nani anamiliki nini. Akikwambia utume kwenye namba yake binafsi ya simu, ishia hapo.